Domitille na Lineti za Maji

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umekaa juu ya ziwa, na Domitille aliamka kabla ya mume wake, kama kawaida. Alitafuta sandali zake kwa vidole vya miguu. Alipozipata alicheka kidogo peke yake, akaenda jikoni huku akigusa ukuta kwa mgongo wa mkono, kama vile mtu anavyomgusa jirani begani akipita.

Mzee Zagabe alikuwa bado kitandani, macho wazi. Alimsikia akiwasha makaa. Alimsikia akionja chai, akitia sukari, akionja tena.

“Papa Bisimwa,” Domitille alimwita, kwa jina la mtoto wao. “Ziwa iko namna gani leo?”

Dirisha la nyumba yao, mtaani Nguba, linatazama maji na kisiwa cha Idjwi. Tangu macho ya mke wake yalipokwisha, hilo ndilo lilikuwa swali la kila asubuhi.

“Iko pale,” Zagabe akajibu.

“Iko pale. Nimeolewa na mwanaume wa ‘iko pale’. Rangi?”

“Nyeupe. Ukungu.”

“Na Idjwi?”

“Haionekane.”

“Basi na yenyewe iko pale.”

Walikunywa chai na viazi vitamu vya jana. Domitille alimpapasa kifua akamwambia kwamba shati lake limekosa kifungo, na kwamba mwanaume anayetoka hivyo anaaibisha mke. Zagabe akasema hatoki. Domitille akasema hata ukuta una macho. Kisha akasema kichwa ni kizito, atajinyoosha kidogo, na jua likitoka amwamshe ili aanike maharage.

Jua likatoka. Zagabe akaenda kumwamsha.

Daktari aliandika presha. Watoto walikuja, Bisimwa kutoka Sange, Chantal kutoka mtaa wa juu. Padri alisema maneno mazuri. Kwenye matanga kila aliyesimama alisema kwamba marehemu alikuwa mpishi ambaye ziwa zima linamjua, na kwamba sambaza zake, wale dagaa wa ziwa, zilikuwa na pilipili ya kumfanya mtu aombe maji na aombe tena sambaza. Hayo ni kweli. Lakini mtu si sambaza tu. Zagabe alikaa kwenye kiti cha mbao akasikiliza wote mpaka mwisho, maana yeye si mtu wa kusimama mbele ya watu. Lakini kuna siku moja ambayo hakuna aliyeitaja, kwa kuwa aliyekuwepo mwingine ni Gaston, mwenye mashua, na Gaston alikuwa analia.

Domitille alizaliwa Idjwi, upande wa kusini, nyumba ya chini kabisa, ile ambayo migomba yake inaishia majini. Mtoto wa huko anajua ziwa kabla ya kujua jina lake. Anachota humo, anafua humo, anaoga humo. Lakini wasichana wa nyumba ile walikuwa na amri ya nyanya yao: maji mwisho ni kifuani. Nywele zinaoshwa kwa kuinama, macho yamefungwa.

“Ziwa iko na benyewe,” nyanya aliwaambia, akimaanisha mizimu ya majini. “Ukifungula macho mule ndani, benyewe banabaki na macho yako.”

Wavulana walizama wakaibuka na vijiwe, wakawacheka. Wasichana walisimama na maji kifuani, macho yamefungwa, wakasikia tu vicheko. Domitille alikua hivyo. Alijua sauti zote za ziwa na harufu zake zote, na hakujua kilicho chini ya goti lake.

Zagabe alifika kisiwani akiwa fundi wa mawe, kijana, kujenga ukuta wa mapadri. Domitille alileta mananasi kuuza kwa mafundi. Siku ya kwanza Zagabe alinunua nanasi moja. Siku ya pili alinunua tena, ingawa la kwanza lilikuwa bado zima.

“Ile ya jana uliifanya nini?” Domitille aliuliza.

“Iko pale,” alisema Zagabe.

Domitille akacheka mpaka akaketi kwenye mawe. Ndoa yao ilianzia hapo. Alivuka kuja mjini Bukavu katika mtumbwi wa mananasi, ameketi akitazama nyuma, amepakata nanasi moja kama mtoto mchanga, mpaka Idjwi ikawa mstari, na mstari ukawa wingu.

Bukavu ilimpokea kama inavyopokea wote, kwa matope na kwa milima ya kupanda. Alizaa. Alizika mmoja. Aliuza sambaza kwenye gati la Muhanzi, kinywa chake kikiwa mbele ya beseni lake. Mteja mmoja, mtu wa ofisi, alinusa beseni akasema: “Maman, hii sambaza iko ya jana.”

“Na sura yako iko ya jana, papa, na tunakusalimia vile vile.”

Mtu wa ofisi akanunua. Akawa mteja mpaka alipohamishwa.

Gaston alikuwa mtoto wa jirani, mmoja wa wale waliokula kwa Domitille zaidi kuliko kwao. Alisoma, akafanya kazi na shirika la wazungu, akasafiri, akarudi na wazo. Alinunua mashua kubwa ya mbao iliyokuwa ikibeba kreti za bia, akaipaka nyeupe na bluu, akaiwekea paa na mabenchi na injini mpya, motere kama walivyoiita. Akaanza kupeleka watu visiwani kujifurahisha. Yeye aliita kruazieri. Watu wa Nguba waliposikia walisema huyu mtoto ameanza kuuza upepo.

Alikuja kwa Domitille na soda mbili mkononi.

“Maman Domi, natafuta mupishi. Bageni ishirini, wakati ingine zaidi. Utaweza?”

“Nimelisha wewe, Gaston. Ishirini ni nini?”

Hivyo akaingia kazini kwenye mashua, na akabaki huko miaka mingi, mpaka nywele zake zikawa nyeupe chini ya kilemba.

Jumamosi asubuhi waliondoka chini ya Nguba, wakapita rasi zenye majumba ya matajiri, maua yao yakining'inia juu ya maji, kisha ziwa likafunguka. Hapo hata wapiga kelele walinyamaza kidogo. Kituo cha kwanza kilikuwa chini ya mawe ya Ishungu. Cha pili, nyuma ya kisiwa cha Ibinja, mahali pasipo na upepo. Cha tatu kilikuwa kisiwa kidogo karibu na Idjwi, hakina mtu, kina ndege tu, na maji yake ni ya kijani pembeni na bluu katikati. Kila kituo Gaston alizima motere, akashusha ngazi. Wageni walivaa vioo usoni, wakang'ata kimpira cha kupumulia, wakajitupa. Mgongo juu, uso chini, walielea kama majani. Mara chache mmoja alikuja na chupa yake ya hewa mgongoni, akazama kabisa, yakabaki mapovu tu juu ya maji. Domitille alisimama nyuma na mwiko wake, akitazama mapovu yale mpaka mafuta yakaanza kuungua.

Vile vioo Domitille aliviita lineti za maji, yaani miwani ya maji. Hakuna aliyemfundisha jina lingine. Mashua haikuwa na kufuli, hivyo jioni alizikusanya, akazisuuza, akazibeba nyumbani pamoja na sufuria, ndani ya sanduku la mbao lililokaa chini ya kitanda. Siku moja alijaribu moja, nyumbani, mbele ya Zagabe aliyekuwa anakula.

“Hii lineti haisaidie,” alisema. “Naona wewe tu.”

Wageni walipopanda ngazi, wakitiririka maji, wakitetemeka na kucheka, alikuwa amewasubiri na sahani na swali lake.

“Mumeona nini?”

“Aa, maman! Ungeona!”

“Ndio naulizia. Ningeona nini?”

“Ni muzuri sana.”

“Muzuri namna gani?”

“Muzuri tu, maman. Sambaza iko wapi?”

Bibi arusi mmoja wa Ibanda, aliyekuja na mume wake siku ya pili ya ndoa, alimwambia kule chini ni kama ndoto. Domitille akamwambia ndoto ziko nyingi. Yeye mara nyingi huota anakimbizwa na mbuzi. Bibi arusi akacheka, akala, hakuongeza neno. Hivyo ilikuwa kila Jumamosi. Wote walikwenda, wote waliona, na hakuna aliyerudi na kitu cha kumwonyesha.

Kisha macho yakaanza. Kwanza aliona duara za rangi kuzunguka taa. Alidhani taa zimebadilika. Halafu kushoto kukawa na moshi, na moshi haukuondoka. Jirani yao Euphrasie, ambaye naye anatoka Idjwi, alimvuta pembeni baada ya misa.

“Domi, sema kweli. Uliangalia ndani ya ziwa.”

“Hata siku moja.”

“Kwa mashua ile, na bazungu bale? Hata kidogo?”

“Hata kidogo, Euphrasie. Nilikuwa napika.”

Chantal alimpeleka mama yake hospitali kubwa ya Ibanda. Daktari alisema kwa upole kwamba ni presha ya ndani ya macho. La kushoto limekwisha. La kulia litakwenda polepole. Dawa ya matone itachelewesha, haitazuia. Walirudi kwa miguu, mama na binti wameshikana mikono, na Chantal ndiye aliyekuwa akijikwaa.

Domitille aliketi kwenye kitanda. Zagabe aliketi kando yake.

“Nilitii nyanya maisha yote,” Domitille akasema. “Na macho inaenda vile vile. Sasa nataka niangalie, Papa Bisimwa. Kabla hii ingine haijaisha, nataka nione chini.”

“Unaogopa?”

“Sana.”

Zagabe naye aliogopa. Yeye ni mtu wa mawe. Ameishi kando ya ziwa miaka yote na hajawahi kuingia zaidi ya magoti. Lakini alisema, “Mwambie Gaston.”

Gaston alikataa. Alikataa kwa kucheka, kisha kwa ukali.

“Maman, uko na presha ya moyo, uko na presha ya macho, na unataka kuruka mu maji. Ikitokea kitu, Nguba nzima itasema Gaston alimukula.”

“Mimi niko mugumu. Hawataamini.”

“Hapana, maman. Naomba.”

Ukaja ule mwaka wa ugonjwa. Mipaka ikafungwa, wageni wakakatika, mashua ikalala kwenye gati na ndege wakakaa juu ya paa lake. Ilipofika mwaka uliofuata Gaston hakuweza tena. Akapata mnunuzi wa Goma, atakayekuja Jumatatu kuichukua, airudishie kreti za bia. Jicho la kulia la Domitille lilikuwa limebaki na mwanga na rangi, na nyuso za karibu sana. Hakulalamika. Ila siku alipopata habari ya mnunuzi hakumaliza chakula chake.

Ijumaa simu ya Zagabe ililia. Nyumba ile ina simu moja, na yeye ndiye huibeba, ingawa hupenda kuitazama kuliko kuisemea.

“Papa Zagabe,” alisema Gaston. “Sikulale jana. Mwambie maman, siku ya Mungu, baada ya misa ya kwanza, naenda kujaribu motere mara ya mwisho. Hakuna mugeni. Tutaenda mpaka kwa kisiwa ya ndege. Akuye.”

“Sawa.”

“Na wewe ukuye. Mimi sitaki kuwa naye peke yangu.”

“Sawa.”

“Na musisahau maski. Bila maski haiwezekane. Umesikia, papa? Maski.”

“Maski. Sawa.”

Sasa, mwaka ule neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Polisi walisimama sokoni na kwenye gati, na asiyefunika mdomo alipata matatizo. Redio ilisema maski asubuhi, padri alisema maski kabla ya komunyo. Zagabe alipeleka habari nyumbani neno kwa neno, na Domitille, ambaye kwa mara ya kwanza katika mwezi alikuwa anaimba, alimtuma Chantal achane kikwembe chake kilichochakaa, cha maua ya njano, ashone maski mbili nzuri, zenye mikunjo, maana zile za zamani zilikuwa na harufu ya samaki.

“Maski ya kuendea mu maji?” Chantal aliuliza.

“Polisi ya gati haijue tunaenda wapi,” mama yake akasema. “Shona.”

Jumapili walishuka kutoka kanisani mpaka majini, wawili, maua ya njano usoni, Domitille akishika kiwiko cha mume wake na kikapu kikubwa cha chakula juu ya kichwa. Hawezi kupanda mashua bila chakula. Polisi wa gati aliwaonyesha vijana waliokuwa pale: “Muangalie bazee. Ndio mufano huu.” Gaston alikuwa amejiinamia kwenye motere. Aliona kikapu, akaona kimejaa, akawasha motere.

Ziwa siku ile lilikuwa limetulia kabisa. Mashua tupu ilikwenda kama inayotelezwa na mkono. Bila wageni, kila kitu kilikuwa na nafasi. Hata sauti ya motere ilionekana kutoka mbali, mashua ya watu wengine. Rasi zilipita, na majumba yake, na mwanamke mmoja aliyekuwa akianika mashuka meupe kwenye bustani, akasimama na shuka mikononi kuwatazama mpaka walipokuwa wadogo. Domitille aliketi mbele, mahali ambapo wageni hukaa. Hakuwahi kukaa pale. Alinyoosha mkono nje ili matone yampige. Ishungu ilipita bila kusimama. Ibinja ilipita. Wavuvi waliokuwa wakirudi, mitumbwi yao mitatu imefungwa pamoja kwa milingoti, waliimba wakipiga kasia, na wimbo wao ulikaa juu ya maji muda mrefu baada ya wenyewe kutoweka. Zagabe alisinzia. Aliota kwamba amesinzia ndani ya mashua. Alipoamka hakukuwa na tofauti.

Gaston alizima motere. Kisiwa cha ndege kilikuwa mbele yao, maji ya kijani, kisha bluu. Kimya kiliingia masikioni.

Gaston alimfunga Domitille jile, kizibao cha kuelea cha rangi ya machungwa, akaifunga na kamba, na kamba akaifunga kwenye benchi. Alivuta mara mbili kuhakikisha. Jasho lilikuwa linamtoka kuliko mgonjwa.

“Haya, maman. Vala maski.”

“Nimevala.”

Gaston akamtazama. Akatazama maua ya njano. Akamtazama Zagabe, naye ana maua ya njano.

“Maski, maman. Ya mu maji.”

“Hii itaingia mu maji. Ni kikwembe, inafuliwa.”

“Maman. Ile ya kioo. Ile ya bageni.”

Domitille aligusa maua mdomoni. Kisha akasema polepole: “Lineti za maji?”

“Ndiyo, maman, maski.”

“Lineti za maji iko chini ya kitanda, mu sanduku.”

Gaston aliketi kwenye sakafu ya mashua. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Zagabe akadhani analia, kumbe alikuwa anacheka, halafu ikawa kweli analia, akajipangusa kwa mkono wenye grisi. Mafuta yalikuwa ya kwenda na kurudi tu. Kesho mnunuzi anakuja. Hakuna Jumapili nyingine.

“Ni mimi,” akasema Zagabe. “Aliniambia maski.”

“Wewe ulileta neno vile lilikuwa,” mke wake akasema. Alikuwa amegeuza uso kwenye maji, na kidole chake kilikuwa kinasugua ukingo wa mashua, pale pale, mara nyingi. Kikapu cha chakula kilikuwa kimefunguka, na hakuna aliyekigusa.

“Gaston,” akasema. “Bila lineti, mutu anaona nini?”

“Kitu hakuna, maman.”

“Ulishaangalia?”

Gaston alivua shati. Alishuka ngazi, akazama, akakaa, akatoka akipuliza.

“Sioni kitu. Ni bluu tu na kijani. Kila kitu imechanganyikana, haina mipaka. Jiwe haina mwisho, samaki sijue ni samaki ao ni kivuli. Mutu hawezi kuona mule bila kioo. Macho ya bote iko vile.”

“Ya bote?”

“Ya bote, maman.”

Domitille alianza kufungua kilemba. Alikikunja vizuri, akampa mume wake akishike. Alivua maski ya maua, akampa nayo. Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko ambavyo Zagabe alikumbuka. Alishuka ngazi kinyumenyume, kikwembe kikajaa hewa kikamzunguka, na maji yalipofika kifuani alisimama. Aliishia hapo. Mkono mmoja ulikuwa kwenye ngazi, na macho yamefungwa sana, kama ya mtoto anayepakwa sabuni. Midomo ilikuwa inakwenda. Labda alikuwa anaomba. Labda alikuwa anaomba ruhusa.

“Maman, tunaweza kuacha,” Gaston akasema kutoka majini.

Domitille akaachilia ngazi.

Jile ilimbeba. Uso ukaingia. Nywele nyeupe zikafunguka juu ya maji. Zagabe alishika kamba kwa mikono miwili, ingawa ilikuwa imefungwa, akahesabu pumzi zake mwenyewe akapotea. Domitille akainua uso. Maji yalitiririka. Macho yalikuwa wazi. Alivuta hewa, akarudi chini. Akainuka tena, akarudi tena. Alikuwa kama mtu aliyepata mlango wa nyumba ambayo wenyewe wako, anachungulia, anajiondoa, anachungulia.

“Uko naona nini?” Zagabe aliuliza alipoinuka.

“Kuya,” akamwita kwa mkono.

“Sema tu.”

“Bote niliwauliza, na hakuna aliyejua kusema. Na mimi sijue. Kuya, Papa Bisimwa.”

Zagabe alitazama kilemba mkononi mwake. Akakiweka kwenye benchi, juu yake akaweka maski mbili, ili upepo usivichukue, ingawa hakukuwa na upepo. Gaston alimfunga jile bila kuuliza. Ngazi ilikuwa baridi. Maji yalikuwa baridi mwanzoni, kisha hayakuwa na kitu, hayakuwa baridi wala moto. Alipokosa pa kukanyaga alishika kitu cha karibu, na kilikuwa mkono wa mke wake.

“Fungula macho,” Domitille akamwambia. “Usifunge kama nyanya yuko.”

Akaingiza uso. Akafungua.

Gaston alikuwa amesema kweli. Hakukuwa na mpaka. Bluu ilikwenda chini mpaka ikawa nyeusi ya kupendeza, na kutoka juu jua liliteremka kwa nyuzi, nyuzi nyingi, zikitembea. Mawe ya kisiwa yalikuwa mabaka makubwa ya kijani yanayopumua. Kitu cha fedha kilipita, kikageuka, kikawa vitu vingi, kikatoweka. Hakujua ni samaki. Hakutaka kujua. Masikio yake yalijaa mlio mdogo, kama nyumba ambayo watoto wote wamelala. Aliyekata mawe maisha yake yote, anayeujua ukingo wa kila kitu kwa dole gumba, alielea mahali ambapo hakuna kitu chenye ukingo, na hakuanguka.

Akageuka upande wake.

Palikuwa na rangi ya machungwa. Palikuwa na kahawia ya uso, iliyo laini, bila mistari, bila mwaka hata mmoja juu yake. Nyeupe ya nywele ilisogea kama moshi. Uso ule ulikuwa unamtazama. Hakuona macho, aliona tu kwamba anatazamwa, na muda gani hakujua, mpaka kifua kilipomdai hewa.

Waliinuka pamoja. Gaston alikuwa ameshika ngazi, anawatazama mmoja na mwingine, anaogopa kuuliza. Zagabe alikohoa maji. Domitille alimshika kidevu kwa mkono wenye maji, akamsogeza karibu na lile jicho lake la kulia, karibu kabisa, akamwangalia, kisha akasema:

“Haiko giza, Papa Bisimwa. Mule chini ndio vile naonaka siku zote. Na wewe, mule ndani, ulirudia kuwa kijana.”